Aliyechukuliwa na Lasirèn

“Hapa,” alisema Madan Orélia, akaupapasa mwamba kwa kiganja kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe wake. “Kioo kilikuwa hapa, kimelala chali kinatazama mbingu. Chanuo pembeni yake. Ndara pale.”

Inspekta Odilia Clervil aliinama. Alikuwa amekuja Ans-Lambi kutoka Port-de-Paix kwa gari la idara lililokwishakata tamaa na breki zake, na alikuja kwa ajili ya faili moja tu. Myrtha Saintilus, msusi, mtoto wa pekee wa mjane huyu, alikuwa hajaonekana tangu mwezi uliopita. Kizuizini alikuwamo mtu tayari: Ilfrène Joacin, fundi wa mashua, ambaye mji mzima ulijua anampenda Myrtha na mji mzima ulijifanya haujui. Mwendesha mashtaka alikuwa ametoa maagizo mafupi kwa simu: nenda, leta ushahidi wa mauaji, tufunge.

“Ndara zilikaaje, Mama?”

“Zilikaa.”

“Moja huku, moja kule?”

“Sambamba. Kama ziko chini ya kitanda.”

Nyuma yao Sajini Prévilon, mtu wa mwili mkubwa na miguu midogo, alikuwa ameshika viatu vyake mkononi huku maji yakimlamba vifundo. “Inspekta, bahari inapanda. Tukikawia hapa tutachukuliwa na sisi.”

“Wewe tulia, Sajini,” alisema Madan Orélia. “Lasirèn, Bibi wa bahari, huchukua wazuri.”

Prévilon akacheka, akapiga hatua moja nyuma hata hivyo.

Odilia alipitisha kidole ubavuni mwa mwamba. Chaza wadogo walikuwa wamegandamana hadi karibu na kilele, na juu yao mwani mbichi. Maji yakijaa, mwamba wote ulizama.

“Siku ile maji yalijaa?”

“Mwezi ulikuwa mpevu, yangekosaje kujaa?”

“Na nani aliviona vitu hivi kwanza?”

“Mimi. Jua halijachomoza sawasawa.”

Basi viliwekwa baada ya maji kupwa, karibu na alfajiri, na aliyeviweka hakuwa na haraka. Mtu aliyezama hapangi ndara. Muuaji huenda akazipanga, ila kioo na chanuo ni vya nini?

“Kioo kilikuwa chake?”

Mama akakitoa kikapuni mwake. “Chake kiko nyumbani ukutani, kina ufa. Hiki ni kipya.” Madan Orélia alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. “Ni cha Bibi mwenyewe. Ndiye anayejitazama kwenye kioo huko chini, ndiye anayechana nywele. Ameniachia alama nisilie. Na sijalia, Inspekta. Uliza nyumba kwa nyumba. Yule kijana mnayemfungia hana kosa, mwachieni. Mwanangu anafundishwa huko aliko. Akihitimu atarudi.”

Odilia alikitia kioo ndani ya mfuko wa ushahidi. Fremu yake ilikuwa nyekundu, ya plastiki.

* * *

Msye Gaspard Délinois aliwapokea mlangoni mwa kiwanda chake cha barafu, taulo shingoni. Ndiye aliyepeleka mashtaka. Alikuwa mtu wa makamo, mjane, anayezungumza taratibu kama aliyezoea kusikilizwa.

“Ndoa yangu na Myrtha ilikuwa iwe baada ya sikukuu ya Mama Yetu,” alisema. “Nguo imeshonwa. Nyumba ya mama yake nimeiezeka mimi. Halafu yule mpiga randa anaona wivu, anamtia binti wa watu baharini. Mnataka ushahidi gani tena?”

“Ulimwona?”

“Nilimwona akitoka pwani alfajiri ile ile, ameloa mpaka kifuani. Nani anaoga na suruali?”

“Na wewe pwani alfajiri ulifuata nini?”

“Mimi nauza barafu, Afande. Wavuvi wakitua nisiwepo, samaki wataoza na mimi nitaoza nao.”

Hilo lilikuwa na mantiki. Odilia akaliacha.

“Alikuwa na majeraha? Mikwaruzo ya kucha usoni, mikononi?”

“Hapana.”

“Damu?”

“Bahari si inaosha?” Délinois alifikiri kidogo, akakunja pua. “Mikono yake ilikuwa ya bluu. Kote, mpaka kwenye viwiko. Ile rangi yao ya mafuta. Mtu hana hata staha ya kunawa.”

Prévilon alitazama juu. Odilia hakutikisika. “Swali la mwisho, Msye. Myrtha aliikubali ndoa?”

“Mama yake alikubali.”

“Nimekuuliza Myrtha.”

Délinois alivuta kifuniko cha sanduku la barafu, akakifunga kwa kishindo. “Kaulizeni mliyemfungia,” alisema. “Hapa baridi inatoka.”

* * *

Duka la Manbo Altagrâce, kuhani wa mizimu, lilikuwa linauza kila kitu ambacho roho na watu huhitaji: mishumaa, manukato, sabuni, dagaa wakavu. Mwenyewe, mama wa miaka hamsini hivi mwenye nywele nyingi zilizofungwa kitambaa cha bluu na nyeupe, alikuwa anamenya mbaazi juu ya sinia. Hakusimama.

“Manbo, Lasirèn huchukua watu kweli?” aliuliza Odilia.

“Unauliza kama polisi au kama mtoto wa mama yako?”

“Vyote viwili.”

“Basi vuta kiti, maana mtoto wa mama yako anastahili kiti.” Alitupa ganda la mbaazi. “Unajua alikujaje huku? Mababu zetu huko Ginen, ng'ambo ya bahari, walikuwa wanamjua tangu hapo. Mama wa maji. Kila mto na jina lake, kila kabila na namna ya kumwita. Wakakamatwa, wakaburutwa mpaka gatini, wakainua macho. Wanaona nini? Mbele ya merikebu ya Mzungu, mwanamke wa mbao, kifua wazi, chini mkia wa samaki. Wakasema, kumbe hata hawa wanamjua! Wengine walifurahi. Walidhani amekuja kuwatoa.”

“Akawatoa?”

“Waliojitosa, ndiyo.”

Mbaazi ziliendelea kudondoka kwenye sinia.

“Na wanaochukuliwa siku hizi?” Prévilon aliuliza, akiwa bado amesimama. “Wanarudi?”

“Wanarudi. Nywele ndefu, ngozi imetakata, mkononi elimu ya majani ya dawa. Katika maisha yangu wamechukuliwa watatu hapa Ans-Lambi. Mmoja amerudi, unamtazama. Mmoja hajarudi mpaka leo. Wa tatu nilimkuta Nassau, anauza kuku wa kukaanga, mume Mjamaika, watoto wawili wamemng'ang'ania, mmoja kila mguu.”

Prévilon alicheka mpaka akashika kaunta. Manbo hakucheka naye.

“Ulimwambia mama yake?” Odilia aliuliza.

“Mama yake alikuwa anawasha mshumaa kila Alhamisi na usiku analala. Nimwambie nini?”

Odilia alitoa kioo, akakiweka kando ya sinia. Manbo alikitazama bila kukigusa. Mikono yake ilisimama juu ya mbaazi.

“Mmekitoa wapi?”

“Mwambani. Madan Orélia hajakuonyesha?”

“Alisema Bibi kaacha kioo. Hajanionyesha, alikificha kama kito.” Aliipangusa mikono yake polepole kwenye sketi. “Fremu nyekundu hizi huniletea binamu yangu kutoka soko la Dajabón. Hakuna mwingine anayeziuza pwani hii yote.”

“Nani alinunua?”

“Kwa nini mnanifanyia hivi jamani?”

“Manbo.”

“Myrtha. Mwenyewe, kwa mkono wake, pamoja na chanuo. Nikamuuliza, mwanangu, una sherehe? Akasema, hapana, shangazi, nina safari.”

Prévilon alikuwa ameacha kucheka.

* * *

Kiwanja cha Ilfrène kilikuwa ng'ambo ya mikoko, mahali ambapo ardhi inateremka yenyewe kuelekea majini. Odilia alifungua faili akasoma kwa sauti maelezo ya Ilfrène: “‘Sijaunda chombo chochote mwaka huu. Nimekuwa nikirekebisha vya watu.’”

“Maranda haya si ya mwaka jana,” alisema Prévilon, akivipiga teke vipande vyeupe vya mbao. Bado vilinuka utomvu.

Magogo ya kuegemeza chombo yalikuwa yamepangwa, juu yake hakuna kitu. Mchangani kulikuwa na matone ya bluu, mstari huku na mstari kule, jinsi rangi inavyodondoka kutoka ubavu wa chombo. Prévilon alitembea kati ya mistari hiyo kutoka mwisho hadi mwisho. Alipofika alikuwa ametulia.

“Hii si mashua ya mvuvi, Inspekta. Hii ilibeba umati.”

Odilia alikuwa amechuchumaa kwenye rundo la mbao zilizobaki. Alibonyeza mwisho wa ubao mmoja, kidole gumba kikazama ndani kama katika mkate uliolowa. Mtu alikuwa amejaribu kuujaza ule ubovu kwa matambara na lami. Chini ya rundo palikuwa na kipande cha mchongo kilichoharibika: mwanamke mwenye mkia uliopinda kushoto, tarumbeta mdomoni, kichwa kimepasuka njia ya nyuzi za mti. Fundi alikikosea akakitupa, akaanza kingine.

Aliwahi kumwona mwanamke huyu mahali. Kisha akatoa simu yake.

Mwanzoni mwa mwezi ofisi ya bandari ilikuwa imesambaza picha kwa vituo vyote vya kaskazini. Doria ya Bahama iliikuta mashua karibu na kisiwa cha Inagua, imepinduka. Hakuna aliyeokolewa. Walikuwa wanauliza imetoka kijiji gani. Hakuna kijiji kilichojibu, maana anayejibu huhesabiwa kuwa ndiye aliyewasafirisha. Odilia mwenyewe aliitazama picha ile siku hiyo akiwa anakunywa kahawa, akaipitisha kwa mwenzake.

Mashua ilikuwa ya bluu. Mbele kabisa, kwenye omo iliyochomoza juu ya maji, palikuwa na mwanamke wa mbao, tarumbeta mdomoni, mkia umepinda kushoto.

Prévilon alivua kofia.

“Labda ni chombo kingine, Inspekta.”

“Labda.”

“Labda hakupanda. Wasichana hubadilisha mawazo.”

“Labda, Sajini.”

* * *

Ilfrène Joacin alikuwa mwembamba kuliko picha yake kwenye faili. Shavu moja lilikuwa limevimba. Odilia aliomba milango ifunguliwe, akaingia, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

“Kucha zako bado hazijatakata.”

“Rangi ya mafuta, Afande. Maji haiyaogopi.”

“Myrtha alinunua kioo mwenyewe.”

Kijana alifumba macho, akatabasamu kidogo licha ya shavu lake. “Nilimwambia asinunue kwa Manbo. Myrtha hasikii.”

“Nieleze.”

Akaanza kusema, na alipoanza hakusita tena. “Ndoa ilikuwa imekaribia. Msichana akitoroka, mama yake ndiye anayelipia. Msye Gaspard angemtoa ndani ya nyumba ile na mabati yake angeyang'oa. Lakini akichukuliwa na Lasirèn, nani atakwenda kumdai Lasirèn? Wazo ni la Myrtha. Tulicheka sana siku aliyolitoa.”

“Kwa nini hukupanda naye?”

“Chombo kilijaa. Nahodha akasema mmoja wenu. Tena ilibidi mtu abaki apange ndara.” Alitazama miguu yake. “Nikasukuma mpaka maji yakanifika kifuani. Ndipo yule mzee wa barafu akaniona natoka.”

“Kwa nini hukusema? Wamekupiga mwezi mzima.”

“Niliwaambia simo. Zaidi ya hapo nilikuwa nangoja afike kwanza. Tulikubaliana atanibipu mara moja tu, nisipokee. Nikishajua amefika, mnifanye mtakavyo.” Akanyanyua kichwa. “Simu yangu mnayo nyie, Afande. Imebipu?”

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa ushahidi, juu ya meza ya mkuu wa kituo. Waliichaji kila siku, wakitumaini washirika wake watapiga.

“Haijabipu.”

“Mtandao wa kule nasikia ni wa shida.”

Odilia alikuwa na miaka mingi kazini na alizijua njia za kuisema habari hii. Aliziacha zote. Akamkabidhi simu yake yenye picha.

Ilfrène hakumtazama mwanamke wa mbao. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza polepole kwenye ubavu wa chombo, akaishia mahali pamoja.

“Ubao wa tatu kutoka mkuku, uti wa chombo,” alisema. “Umefunguka.”

“Ilfrène.”

“Nilijua ni mbovu. Sikuwa na mbao nyingine na siku zilikuwa zimekwisha. Nikaujaza matambara. Nikapaka rangi nene juu ili nahodha asiuone.” Alimrudishia simu kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. “Wametolewa wangapi?”

“Hakuna aliyetolewa hai.”

Aliinuka, akaenda ukutani, akasimama hapo uso ukielekea tofali. Nje mtu alikuwa anafagia ua. Alipogeuka macho yake yalikuwa makavu.

“Andika nilimuua.”

“Hukumuua.”

“Nani aliyeupaka rangi ule ubao?”

“Chombo kuzama si mauaji, Ilfrène. Nitaandika ulivyonieleza. Utashtakiwa kwa safari, ndiyo, utafungwa, lakini siyo kwa...”

“Andika nilimuua kwa mikono yangu. Sisemi uongo. Usipoandika wewe ataandika mwingine.”

* * *

Odilia alimpigia mwendesha mashtaka akiwa amesimama uani, kidole sikioni kuzuia kelele. Alieleza kila kitu kwa mpangilio: kioo, rangi, maranda, mchongo, picha. Upande wa pili ulisikiliza bila kumkatiza.

“Kazi nzuri,” sauti ilisema hatimaye. “Sasa nijibu. Kuna familia yoyote iliyoripoti mtu aliyepanda chombo hicho?”

“Hakuna. Wanaogopa.”

“Shahidi aliyemwona msichana akipanda?”

“Mshukiwa mwenyewe.”

“Na mshukiwa mwenyewe anasema nini sasa?”

Odilia alitazama dirisha la kizuizini.

“Nimesikia anataka kukiri. Mkuu wa kituo kanipigia kabla yako.”

“Anakiri jambo ambalo halikutokea, Msye.”

“Msichana yuko hai?”

“Hapana. Nadhani hapana.”

“Basi limetokea. Unataka niwaandikie Bahama kwamba maiti wanazozivua ni zetu, halafu nianze kutafuta wenyewe mlango kwa mlango? Karani wa mahakama ya amani yuko njiani. Mwachie chumba.”

Karani alifika kwa pikipiki, mtu nadhifu mwenye mwandiko mzuri. Odilia alisimama mlangoni muda wote. Mara mbili aliingilia, mara mbili karani alimtazama kwa adabu, akangoja anyamaze, akaendelea. Ilfrène alijibu kwa sauti safi. Sababu? Sikutaka aolewe. Silaha? Mikono. Peke yako? Peke yangu. Alitia sahihi bila kuulizwa mara ya pili, na wino ukagusana na bluu iliyobaki kuchani mwake.

“Amekiri!” karani alimtangazia mkuu wa kituo kule nje, na mkuu wa kituo akamtangazia Msye Délinois aliyekuwa langoni tayari, na kutoka hapo habari ikajiendea yenyewe barabarani.

Madan Orélia alikuwa amekaa kwenye ngazi. Magotini alikuwa na bakuli lililofunikwa kitambaa, harufu ya wali wa maharage ikitoka. Hakuna aliyemwambia Odilia kwamba chakula cha mfungwa huyu kilikuwa kinatoka kwake.

“Inspekta,” alisema. “Wanasema amekiri.”

“Amekiri.”

“Ni kweli?”

Prévilon alijifanya anatafuta funguo za gari.

“Hakumuua, Mama.”

“Najua hakumuua! Je, mimi ni mtoto?” Mama alisimama, akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko umri wake. “Wewe umezunguka tangu asubuhi. Umeuliza watu. Umeona. Niambie, mwanangu yuko wapi?”

Délinois alikuwa anatazama kutoka langoni. Karani alikuwa anawasha pikipiki. Faili lilikuwa kwapani mwa Odilia, na ndani yake hapakuwa na karatasi hata moja iliyokuwa na jibu.  

“Yuko baharini, Mama.”

Madan Orélia alishusha pumzi ndefu, na mabega yake, yaliyokuwa yamekazana siku nzima, yakalegea. “Ahsante,” alisema. “Mwezi mzima hakuna polisi aliyekubali kunitamkia hilo. Wote wananiona mwehu.” Akamtia bakuli mikononi. “Mpelekee ale kingali moto. Wamempiga mpaka anasema asiyoyajua. Mwambie avumilie, Myrtha akirudi atamtetea mwenyewe.”

Akateremka ngazi, akampita Msye Délinois bila kumsalimu.

Bakuli lilikuwa linaunguza. Odilia alilishika kwa mikono miwili, akageuka, akarudi ndani kulipeleka.